Kapteni wa Washington hana hata shati: nimwachie ajiuzulu au abaki?

Kinanda_Cha_Mwambao: Wakuu, salaam. Naandika mchezo wa redio kuhusu kapteni wa jeshi la Jenerali George Washington, vita vya uhuru wa Marekani. Rafiki yangu anayepitia rasimu hakubali kwamba ofisa mzima anaweza kukosa shati. Tumefika Valley Forge, kambi ya jeshi hilo, baridi ya 1777 kuingia 1778. Ajiuzulu arudi shambani, au abaki?

Mwana_Ilala: Mpe hesabu huyo rafiki. Mwaka 1778 kapteni alipangiwa dola 40 kwa mwezi, tena za karatasi, na zilichelewa. Machi 1780 Kongresi yenyewe, yaani bunge lao, ikatangaza dola 40 za karatasi ni sawa na dola 1 ya sarafu ya fedha. Na ofisa alitegemewa kujinunulia sare!

Bi_Mkora: Kujiuzulu kunaaminika kabisa. Askari wa chini akiondoka ni mtoro, viboko vinamngoja. Ofisa anaandika barua tu. Walioziandika walikuwa wengi, mpaka Washington akaibana Kongresi, nayo Mei 1778 ikaahidi nusu mshahara kwa miaka saba baada ya vita. Ila ukimwondoa hapo, mdogo wangu, mchezo umekwisha mapema.

Kinanda_Cha_Mwambao: Shikamoo dada. Akibaki anapata nini sasa?

Mwl_Mstaafu: Ahadi. Oktoba 1780 ikawa nusu mshahara maisha yote, hazina ikiwa tupu, maana Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliyaomba majimbo, nayo yakajifanya hayasikii. Machi 1783 kambini Newburgh, New York, maofisa nusura waigeukie Kongresi, Washington akawatuliza. Wakabadilishiwa: mshahara kamili wa miaka mitano, lakini kwa hati za deni. Hapo ndipo mchezo wako ulipo, kijana. Anarudi nyumbani na karatasi, wadai wako mlangoni. Wengi waliziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Mwaka 1790, kwa mpango wa Hamilton, waziri wa fedha, serikali mpya ikaziheshimu hati hizo, na faida ikaenda kwa aliyezishika siku hiyo. Wapiganaji walioziuza hawakupata kitu.

Kinanda_Cha_Mwambao: Duh. Basi abaki. Mlanguzi nimfanye shemeji yake?

Bi_Mkora: Shemeji safi, ila asiwe tapeli. Amwokoe kweli na deni la mwaka ule, halafu 1790 wakutane kwenye harusi ya familia.

Mwana_Ilala: Hiyo harusi naisubiri redioni.