Hawa waosha mapaa wa tindikali na brashi la waya wanatumalizia mabati yetu!!

Jamani waungwana mie leo nina hasira na sifichi. Hivi nani kawaambia hawa jamaa wanaopita mitaani na mashine za kuoshea gari kwamba bati la rangi linasuguliwa kama sufuria lililoungulia wali? Wamekwenda kwa mama yangu Jambiani, huku kwetu Unguja, nyumba iko karibu na pwani, bati la kijani, lilikuwa na ukoga mweusi upande wa mwembe na vinyesi vya kunguru kule juu kileleni, basi, rangi yenyewe nzima, hakuna hata doa la kutu. Wakapanda na brashi la waya, wakamwaga tindikali ile ya kusafishia vyoo, wakapiga maji na ile mashine ya presha, wakashuka wakamwambia "bimkubwa limetakata". Limetakata kweli, mpaka rangi imetoka, migongo ya bati inang'aa nyeupe! Halafu wanamgeukia mama mtu mzima wanamwambia eti bati limezeeka sa linataka kupigwa rangi, na wapigaji ni wao wenyewe, na bei yake inaizidi ile ya kuosha kwa mbali. Yani unaharibu kisha unauza dawa ya ulichoharibu. Huo wizi, sina jina jengine.

Na lililonikata maini zaidi ni tangi. Paa lile lina mchirizi unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi, maji yale mama anafulia, anaogea, siku mfereji haukutoka anapikia. Hakuna alojali kuchomoa bomba. Tindikali na uchafu wote umeshuka tangini na wamekaa kimya, aloona ni mtoto wa jirani maji yanatoka na povu. Tangi zima tumelimwaga, tumelisugua, tumesuuza upya. Wallahi lau mtu angekunywa sijui leo tungekuwa tunaongea nini.

Sa nyie mnaosema "ah bati tu hilo" sikilizeni. Bati la rangi si chuma kilichopakwa rangi kwa burashi. Ndani ni chuma, juu yake kuna zinki au mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, halafu rangi ya msingi, halafu ndo ile rangi unayoiona, na hiyo ya juu kawaida ni maikroni 20 hivi tu (maikroni elfu moja ndo milimita moja) wakati unywele wa kichwani unafika 50 na kuzidi. Ndo kinga yote hiyo! Brashi la waya linapita mara moja tu limeshachana. Tindikali nayo inakula zinki, ukiimwaga juu ya zinki utaona inachemka vipovu, na zinki ikishaondoka chuma kipo uchi na sie huku kusi likivuma linatuletea mvuke wa chumvi kutoka baharini mchana na usiku. Alafu stilwaya na brashi la waya huacha chenga za chuma juu ya bati, zile chenga zinaota kutu zenyewe, wiki mbili tatu unaona vidoa vyekundu paa zima. Ni hivo hivo kwa mafundi wanaopanda kufunga antena na sola, wanatoboa, wanakata kwa grenda juu kwa juu, cheche zinaungua ndani ya rangi, wanashuka wala hawafagii. Mbona hamfagii??

Mashine ya presha nayo mana kila mtu sa hivi anayo. Ukiielekeza kwa karibu inabambua rangi kwenye kingo na inasukuma maji chini ya maungio na kwenye zile washa za mpira za skrubu, kisha masika yakiingia unashangaa dari linavuja wakati zamani halikuvuja.

Kazi yenyewe wala si ngumu ndo mana inaniuma. Maji baridi ya mfereji, sabuni ya vyombo, sponji au brashi laini la kuoshea gari ulifunge kwenye upondo au mti mrefu usimame kwenye ngazi, wengi hata hakuna haja ya kukanyaga paa. Asubuhi mapema kabla bati halijapata moto, mana sabuni ikikaukia pale inaacha michirizi. Unaosha kutoka chini kwenda juu, unasuuza kutoka juu kushuka chini, na bomba la tangi umeshalichomoa. Ukoga mweusi ukikataa kutoka ndo unachukua jiki kipimo kimoja kwa maji vitatu na sabuni kidogo, unapaka, dakika 5 hivi usiiache ikauke, unasuuza maji mengi mengi. Na jiki USICHANGANYE na tindikali wala siki wala limao, inatoa gesi ya klorini ya kuua mtu. Hao walokwenda kwa mama walikuwa na vyote viwili kwenye ndoo zao!

Vinyesi vya kunguru visikae, roweka kwanza na maji ya sabuni ndo ufute, usikwangue. Kunguru hawa tumeletewa kisiwani tangu miaka ya 1890 na bado wanatutesa, wanakuja na vipande vya waya vya matundu yao wanaviacha juu ya mapaa, viondoeni.

Na pale mvua isipofika, chini ya kingo za paa na barazani, ndo mahali chumvi inaganda na kutu inaanzia hapo. Pasuuzwe. Hao jamaa hawakupagusa hata kidogo, wamehangaika na pale ambapo mvua inaosha yenyewe!

Mwenye kulazimika kupanda avae viatu vya mpira, afungwe kamba, akanyage penye mistari ya skrubu mana chini yake ndo kuna mbao, na aangalie waya wa umeme unapoingilia nyumba. Bati lenye ukoga na maji linateleza vibaya, watu wameshavunjika.

NYONGEZA: aliyeuliza kama bati linaweza kusuguliwa kwa majivu na mchanga, hapana ndugu yangu, mchanga unachana na majivu yanakula. Thina na petroli pia msiguse. Na penye mkwaruzo mdogo patiwe rangi ya kugusia papo hapo kwa brashi ndogo, si kupaka paa zima.

Walofanyiwa mambo haya Paje, Bwejuu, Makunduchi, na hata ndugu zetu wa Pemba, wekeni picha hapa na mseme walikuja na vifaa gani, ili watu wawafukuze kabla hawajapanda ngazi.