Beaverbrook: mwenye gazeti aliyekabidhiwa wizara ya ndege. Sifa zake ni za kweli kiasi gani?

Msikilizaji wa Jioni

Wakuu, naandaa kipindi cha redio cha nusu saa kuhusu wenye magazeti waliogeuka wanasiasa hadi wakafika Baraza la Mawaziri. Kwa hapa kwetu nitamtumia Achieng Oneko aliyeendesha gazeti la Ramogi. Kwa nje nimemchagua Lord Beaverbrook wa Daily Express, Uingereza, ila habari zake zinapishana mno.

Naomba mnisaidie haya: gazeti lilitangulia au siasa? Ilikuwaje akatoka ubunge akawa lodi, yaani mjumbe wa Bunge la Malodi, kabla hata ya kuwa waziri? Na hili la kwamba mwaka 1940 aliiokoa Uingereza kwa kutengeneza kwa wingi ndege za kivita za Spitfire, ni kweli au ni sifa za magazeti yake mwenyewe?

Kabati la Nyaraka

Siasa ilitangulia, na fedha ilitangulia siasa. Ukianza na gazeti utakuwa umeanzia katikati.

Jina lake ni William Maxwell Aitken, mzaliwa wa Maple, Ontario, 25 Mei 1879, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri aliyetoka Scotland. Alikulia Newcastle, mji mdogo wa New Brunswick. Utajiri aliupata Kanada kwa kuuza dhamana na kuunganisha kampuni: anakusanya viwanda vinavyoshindana, anaviweka chini ya kampuni moja, kisha anauza hisa za kampuni hiyo mpya. Kubwa kuliko zote ilikuwa Canada Cement ya 1909, na ndiyo iliyomwachia maneno ya watu kwamba hisa zilipandishwa thamani kuliko mali iliyokuwepo. Mwaka 1910 akahamia London akiwa na umri wa miaka 31 na mfuko mzito.

Desemba mwaka huohuo akashinda ubunge wa Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, kwa kura 196 tu. Aliyemshika mkono ni Bonar Law, naye mzaliwa wa New Brunswick, ambaye mwaka uliofuata akawa kiongozi wa chama cha Conservative.

Daily Express alianza kuikopesha 1911 ilipokuwa taabani. Hisa za kuitawala alizinunua mwishoni mwa 1916 kwa pauni 17,500, na hakulitangaza jambo hilo. Tazama tarehe: ni majuma yaleyale alipokuwa akihangaika kati ya Bonar Law na Lloyd George ili Asquith ang'oke uwaziri mkuu. Mtu anayepanga serikali mpya huku ananunua gazeti kimyakimya, hapo ndipo kipindi chako kianzie.

Sasa ulodi. Alitarajia wizara ya biashara kama malipo ya kazi hiyo. Sheria ya wakati ule ilimlazimu mbunge aliyeteuliwa kuwa waziri arudi kwa wapiga kura wake kuthibitishwa, kwa hiyo Aitken akawaambia watu wake Ashton wajiandae kwa uchaguzi mdogo. Lloyd George, sasa waziri mkuu, akampa wizara hiyo Albert Stanley, mtu wa reli za chini ya ardhi za London, ambaye hakuwa mbunge na alihitaji jimbo. Jimbo likapatikanaje? Aitken akapandishwa Bunge la Malodi, Stanley akaingia Ashton. Kwa hiyo ule ulodi wa Januari 1917 ulikuwa fidia, tena ya kumwondoa njiani. Jina Beaverbrook alilichukua kwenye kijito cha karibu na kwao New Brunswick.

Fundi Ribiti

Nijibu la ndege, maana hapo ndipo watu hupiga chumvi kwa pande zote mbili.

Waziri mkuu Churchill alimpa wizara mpya ya uzalishaji wa ndege 14 Mei 1940. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Anga. Hesabu za ndege za kupambana angani (fighter), bila kuhesabu za mabomu, zilizotoka viwandani mwaka huo ni hizi: Aprili 256, Mei 325, Juni 446, Julai 496, Agosti 476. Ukiziweka hivyo hewani, kila msikilizaji atasema jamaa alifanya miujiza.

Lakini ndege haitengenezwi kwa wiki mbili. Bawa, injini, magurudumu na vifaa vya rubani vinaagizwa miezi mingi kabla. Ndege zilizotoka Juni zilikuwa tayari zinaendelea viwandani wakati Beaverbrook bado anasoma gazeti lake asubuhi. Viwanda na maagizo hayo vilikuwa kazi ya miaka kadhaa, na jina ambalo usiliache ni Wilfrid Freeman, ofisa wa jeshi la anga aliyesimamia utengenezaji tangu kabla ya vita. Huyu hatajwi sana kwa sababu hakuwa na gazeti.

Sasa haki yake Beaverbrook. Alifanya mambo manne yaliyoonekana.

Kwanza, aina tano zikapewa kipaumbele cha malighafi na vipuri: Spitfire, Hurricane, Blenheim, Wellington na Whitley. Nyingine zisubiri.

Pili, Castle Bromwich, Birmingham. Kiwanda kile kilipewa oda ya Spitfire 1,000 mwaka 1938 chini ya Lord Nuffield, bwana wa magari ya Morris. Hadi Mei 1940 hakijatoa hata moja. Sababu ni mbinu ya magari: mtengeneza magari anataka mchoro ukae bila kubadilika ndipo atengeneze kalibu na mashine zake, wakati Spitfire ilikuwa inarekebishwa kila mara, na bawa lake la duaradufu ni gumu kulitengeneza. Inasimuliwa kwamba Nuffield alipiga simu kujitetea, akasema kwa kejeli kwamba labda waziri anataka kiwanda, na Beaverbrook akajibu papo hapo kwamba amekubali. Kiwanda kikapewa kampuni ya Vickers, wenye Supermarine ya Southampton iliyobuni ndege hiyo. Watu na vipande vikaletwa kutoka Southampton, na Juni zikatoka Spitfire kumi. Kabla vita haijaisha Castle Bromwich ilikuwa imetoa zaidi ya 11,000.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: ukarabati. Kazi ya kukarabati ndege zilizoharibika aliihamishia kwake kutoka Wizara ya Anga. Yenye tundu dogo ilitengenezwa palepale kituoni. Iliyoweza kuruka ilipelekwa na rubani kwenye karakana ya raia. Iliyovunjika ilifungwa kwenye trela refu ikapelekwa kwa barabara, Cowley, mjini Oxford, ikiwa kitovu. Isiyofaa ilichinjwa vipuri. Katika vita vya anga vya kiangazi kile, takriban theluthi moja ya ndege walizopelekewa vikosi vya wapiganaji zilikuwa za kukarabatiwa, siyo mpya. Ukitaka kumtetea Beaverbrook, mtetee hapa.

Nne, injini. Henry Ford alikataa kuitengenezea Uingereza injini ya Merlin, iliyoendesha Spitfire na Hurricane, huko Marekani, ndipo Packard, kampuni ya magari ya hukohuko, wakachukua kazi, mkataba wa injini 9,000 ukatiwa saini Septemba 1940: 6,000 za Uingereza, 3,000 za Marekani.

Kilichoharibika? Kukazania aina tano kulipunguza vipuri na ndege za mafunzo, na ndege nzito za mabomu zenye injini nne zikachelewa. Agizo lile likalegezwa baada ya muda mfupi. Wafanyakazi wakafanya kazi siku saba kwa wiki hadi wakachoka, na mtu aliyechoka anaharibu ribiti. Halafu akaweka malengo ya makusudi yaliyozidi uwezo wa viwanda, akiamini kwamba karoti ikining'inizwa mbele punda hukazana. Tatizo ni kwamba baadhi ya wenye kutengeneza propela, redio na matairi walipanga kwa hesabu hizo za juu, na wengine kwa hesabu za kweli, kwa hiyo vitu vikawa haviwiani: huku mwili wa ndege umekamilika, kule kifaa kimoja hakipo.

Bi. Mchumi

Fundi Ribiti umesahau sufuria, na hapo ndipo gazeti linapoonekana ndani ya wizara.

Julai 1940 wizara iliwaomba akina mama watoe sufuria na vyombo vya alumini vigeuzwe Spitfire na Hurricane. Vikajaa malori. Kiufundi faida ilikuwa ndogo: alumini ya ndege ni aloi yenye vipimo vyake, na rundo la sufuria, birika na vishikio vya chuma vilivyochanganyika linahitaji kuchambuliwa na kusafishwa kwanza. Madukani kwenyewe sufuria mpya ziliendelea kuuzwa. Lakini kila nyumba iliyotoa birika ilijiona ina sehemu kwenye ndege. Mhariri yeyote mzuri anajua thamani ya hilo.

Mfuko wa Spitfire, yaani michango ya watu ya kununulia ndege, ndio ulioenda mbali zaidi. Gazeti la Gleaner la Jamaica lilituma simu ya maandishi kuuliza bei ya ndege ya mabomu. Wizara ikajibu pauni 20,000, na fedha zikaja. Kuanzia hapo ikawekwa orodha ya bei: Spitfire pauni 5,000, yenye injini mbili 20,000, yenye injini nne 40,000. Mtoto mwenye senti chache aliambiwa amenunua ribiti. Mji au kampuni iliyotimiza 5,000 iliandikwa jina lake ubavuni mwa ndege. Bei ile ilikuwa ya kubuni, kwani Spitfire kamili iligharimu zaidi ya hapo, na upungufu haukuwa wa fedha bali wa mashine na mafundi. Usiseme hewani kwamba michango ndiyo iliyojenga ndege.

Msikilizaji wa Jioni

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichoomba. Sasa lile swali langu gumu: gazeti lilimsaidia uwaziri au lilimponza?

Kabati la Nyaraka

Ugawe kwa miaka, jibu halifanani.

1918: lilimponza. Februari alipewa Wizara ya Habari, mpya kabisa, kwa ajili ya propaganda ya vita. Wabunge wakauliza itakuwaje mwenye gazeti ashike fungu la serikali la kushawishi watu, hasa kwa kuwa Northcliffe, mwenye Daily Mail na The Times, naye alipewa propaganda ya kwenda nchi za adui. Wizara ya Mambo ya Nje ikambania taarifa za kijasusi, na wataalamu waliokuwa wachambuzi wake wakahamia huko. Aliondoka akiwa mgonjwa kabla vita haijaisha Novemba.

1930 na 1931: alijaribu kutumia gazeti kama chama. Alitaka himaya yote ya Uingereza iwe soko moja lenye ushuru dhidi ya wageni, na pamoja na Rothermere wa Daily Mail akasimamisha wagombea dhidi ya chama chake mwenyewe. Oktoba 1930 mtu wake alishinda uchaguzi mdogo wa South Paddington, London. Februari 1931, East Islington, kura za Conservative ziligawanyika na chama cha Labour kikapita. Machi ikaja St George's, Westminster. Baldwin, kiongozi wa Conservative, akasema kwamba wenye magazeti hayo wanataka mamlaka bila wajibu, ndiyo haki ya kahaba tangu enzi na enzi. Maneno hayo alipewa na binamu yake, mwandishi Rudyard Kipling, aliyewahi kuwa rafiki wa Beaverbrook. Duff Cooper, mgombea wa Baldwin, akashinda kwa tofauti ya kura 5,710. Gazeti kuuza nakala nyingi hakumaanishi kwamba wasomaji watapiga kura linavyotaka. Watu walinunua Express kwa michezo, katuni na umbea.

1940: lilimsaidia, ila kwa tabia kuliko kwa kurasa. Aliendesha wizara kama chumba cha habari jioni gazeti linapofungwa: simu usiku wa manane, hakuna kamati, kila mtu ana takwimu za leo. Southampton ilipopigwa mabomu Septemba na kiwanda cha Supermarine kuharibika, kazi ilitawanywa kwenye gereji, vituo vya mabasi na hata nyumba za kufulia nguo huko Salisbury, Trowbridge na Reading. Uamuzi wa namna hiyo kamati ingeukalia mwezi mzima.

Fundi Ribiti

Naongeza tahadhari ya tarehe, maana vyanzo vingi vinachanganya. Ndege: 14 Mei 1940 hadi mwanzo wa Mei 1941. Baraza la Mawaziri la Vita aliingia Agosti 1940, siyo Mei. Wizara ya Ugavi: kuanzia Juni 1941, na ni akiwa na cheo hicho alipokwenda Moscow na Averell Harriman, mjumbe wa Marekani, mwishoni mwa Septemba kumwahidi Stalin ndege 400 na vifaru 500 kila mwezi. Februari 1942 akapewa uzalishaji wote wa vita, akakaa wiki mbili tu kwa sababu Ernest Bevin, waziri wa kazi, hakukubali kumwachia suala la wafanyakazi. Akarudi serikalini Septemba 1943 hadi Julai 1945. Barua za kujiuzulu alizomwandikia Churchill ni nyingi, na pumu yake ilikuwa ya kweli, kwa hiyo ukikuta barua usidhani ndiyo siku aliyoondoka.

Bi. Mchumi

Kwa Oneko angalia usije ukawalinganisha kwa nguvu. Yeye alikamatwa Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria, hukumu ikafutwa kwenye rufaa lakini akaendelea kuzuiliwa hadi 1961. Uwaziri wa habari wa 1963 aliupata kupitia kifungo, na mwaka 1966 aliuacha mwenyewe akajiunga na chama cha upinzani cha KPU. Beaverbrook hakuwahi kulala rumande kwa ajili ya gazeti lake. Mwaka 1948, mbele ya tume iliyochunguza magazeti, alikiri waziwazi kwamba analiendesha kwa ajili ya propaganda, na hakuna aliyemfanya lolote.

Kabati la Nyaraka

Jambo la mwisho kuhusu vyanzo. Habari nyingi za Desemba 1916, Asquith alipong'olewa, ziliandikwa na Beaverbrook mwenyewe, na nyaraka za Lloyd George alizinunua yeye, za Bonar Law nazo zikawa mikononi mwake, akawa ndiye anayeamua nani azione. Popote unapokuta yeye ndiye shujaa wa tukio, tafuta mtu mwingine aliyekuwepo chumbani kabla hujalisoma hewani.