Jangwa kwa gari mwezi wa nane: Namibia, Chalbi ya Kenya, au tubaki Natron?

MwanaIsevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Mimi, wife na mdogo wangu tumekuwa tunadunduliza toka mwaka juzi, mwezi wa nane tunataka tukaone jangwa. Jangwa lenyewe, sio huu ukame wetu wa kiangazi ambapo miombo ikipukutisha majani kila mtu anaanza kusema Tabora imekuwa Sahara. Na tunataka iwe safari ya barabarani, tunaendesha, tunasimama, tunalala sehemu, kesho tunasogea. Kupelekwa na basi la watalii sitaki kabisa.

Tuna njia tatu mezani. Ya kwanza tupande ndege hadi Windhoek, Namibia, tukodi gari, tushuke Sossusvlei kwenye vilima vya mchanga halafu tutokezee baharini Walvis Bay na Swakopmund. Ya pili tuwashe Prado yetu hapa hapa, Nzega, Singida, Arusha, Namanga, Nairobi, tupande Marsabit tukaione Chalbi na Ziwa Turkana. Ya tatu ni ya mfukoni, Ziwa Natron na ule mchanga unaohama kule Ngorongoro, basi.

Wife yuko Namibia moja kwa moja, kaona picha ya ile miti mikavu imesimama kwenye udongo mweupe sasa kila usiku lazima anionyeshe. Dogo anataka Chalbi kwa sababu anajua ataendesha. Mimi nipo katikati, kazi yangu kulipa. Aliyewahi kufika aseme ukweli, sio mambo ya kusoma.

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Nimefika Namibia na wenzangu wawili wa kazini, acha nikusimulie vizuri maana picha hazisemi yote.

Kwanza kuendesha kule ni rahisi kuliko ulivyozoea, wanapita kushoto kama sisi na unaweza kukaa nusu saa hujapishana na gari. Tatizo ni changarawe. Kutoka Windhoek unaenda Rehoboth lami, baada ya hapo ni changarawe mpaka Sesriem, na ya kule imelala vizuri mpaka unajisahau, unaona 80 ndogo unagusa 110, sasa subiri kona. Magari mengi kule hayagongani, yanapinduka yenyewe. Sisi tairi ilipasuka baada ya Solitaire, tunaelekea Walvis Bay, tulikuwa 70 tu na bado gari ilicheza kama ngoma. Tukabadilisha, tukafika, kurudisha gari wakatukata hela ya tairi kwenye dhamana, wakati tulilipia bima kubwa. Kumbe tairi na kioo havimo, imeandikwa herufi za sisimizi ukurasa wa nyuma. Kampuni siitaji, ila soma karatasi yote kabla hujasaini.

Vituo sasa, hapo ndo kuna utamu. Solitaire ni sheli, duka la mikate linalouza pai ya tufaha, na magari ya zamani yameozea mchangani na kutu yake, utapiga picha mpaka uchoke. Sesriem ndo geti la kuingilia Sossusvlei. Toka getini mpaka mwisho ni lami kilomita 60, ila zile 5 za mwisho ni mchanga mtupu, kama hauna fo-wili unapaki unapanda gari zao. Kilomita ya 45 kuna kilima cha mchanga wanakiita Dune 45, kile watu wote hupanda asubuhi. Sasa hiyo miti ya shemeji iko Deadvlei. Zamani mto Tsauchab ulikuwa unafika pale, vilima vya mchanga vikaja vikauziba, miti ikafa inakaribia miaka 600 au 700 sasa, na haijaoza mpaka leo kwa sababu hakuna unyevu wa kuiozesha. Udongo chini umepasuka vipande kama ukoko wa ugali uliosahaulika kwenye sufuria, ukitembea unalia kach kach. Nilikaa pale saa nzima nikiwa sina la kusema, na mimi ni mtu wa maneno.

Halafu kitu ambacho hakuna mtu aliniambia: baridi! Mwezi wa nane usiku Sesriem nililala na soksi mbili. Ukifika Swakopmund asubuhi ni ukungu na upepo wa bahari, ule mkondo wa Benguela maji yake ya baridi sana, unajikuta uko jangwani umevaa sweta.

Bibi_Mwanga (Kigoma)

Yaani mnapanda ndege na kubadilishia Johannesburg, mnalipa na hela ya tairi juu, ili mkaangalie miti iliyokufa. Miembe ya Ujiji, pale walipokutana Livingstone na Stanley, ipo hapa hai na inazaa, kuiona hela kidogo tu, na dagaa mnanunua mkitoka 😂

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Shikamoo bibi. Ule mwembe ulishakuwa wa wajukuu na wewe unajua 😂

DerevaWaMasafa (Nzega)

Nimepeleka mizigo mpaka Moyale mara kadhaa kwa hiyo ya Chalbi niachieni mimi.

Tabora mpaka Nairobi hesabu kilomita 900 na zaidi, usijidanganye unafika siku moja, lala Singida au Babati, siku ya pili Arusha, ya tatu vuka. Namanga hakuna maajabu, mradi uwe na kadi mbili za njano, ile ya chanjo na ile ya bima ya gari ya COMESA, watu wanabeba moja wanadhani ni hiyo hiyo. Na kadi ya gari iwe jina lako, kama ni la mtu mwingine uwe na barua.

Toka Nairobi unapita Nanyuki pale kwenye ikweta, unashuka Isiolo, na hapo joto linakupokea mlangoni. Isiolo hadi Moyale yote lami sasa, zamani ilikuwa rafu rodi ya kuvunja springi na tulikuwa tunakwenda kwa msafara. Archers Post, kisha mlima Ololokwe juu umekatwa bapa kama meza, Laisamis, halafu ghafla unapanda Marsabit kuna msitu na ukungu na unatafuta koti. Mtu hawezi kuamini kwamba nyuma ya huo mlima ndo kuna Chalbi.

Lami unaiacha Marsabit. Unashuka Maikona, Kalacha, North Horr, mpaka Loiyangalani ziwani. Chalbi haina vilima vya mchanga kama vya Namibia, lazima niseme asije shemeji akalia. Ni tambarare, udongo wenye chumvi, zamani lilikuwa ziwa, unaendesha unaona maji mbele, unaendesha hayafikiki, ni mazigazi tu. Ngamia wanatokea kwa mbali wanaonekana hawana miguu. Kalacha kuna chemchemi na mikoma, watu wa Gabra wanakuja kunywesha, ukikaa kwa adabu unaletewa chai ya maziwa ya ngamia. Ina moshi moshi hivi, kikombe cha kwanza utakunja uso, cha pili utaomba.

Ila msicheze na mambo matatu. Mvua ikinyesha Chalbi inageuka tope la kunata, huendi mbele hurudi nyuma, mwezi wa nane ni kukavu mko salama. Mafuta ya uhakika ni Marsabit, huko mbele ni ya kwenye madumu na bei ya kwao, jaza tenki na madumu yako. Na usalama, kabla hujatoka Marsabit pita polisi uliza njia ikoje wiki hiyo, kuna nyakati wanaibiana mifugo na bunduki zinalia. Wakisema subiri, subiri. Gari moja peke yake mimi singeenda, tafuta gari ya pili au beba mwenyeji.

FundiGongoni (Tabora)

Prado ya mwaka gani? Na tairi? Usiniambie ziko nzuri zina meno, angalia ubavuni kuna namba nne kwenye duara dogo, mbili za mwanzo ni wiki mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Tairi ya miaka saba inaweza kuwa na meno yote na bado ikapasuka kwenye joto.

Upepo: lami weka wa kawaida, ukiingia mchanga shusha mpaka PSI 18 au 20, ukitoka jaza, kwa hiyo nunua pampu ya kuchomeka kwenye betri. Spea mbili. Na siku moja kabla hamjaondoka dogo afungue nati za tairi mwenyewe kwa spana ya gari, sio ya gereji. Nimeshaona mtu amekwama na spea nzima nyuma ila nati zimekazwa na mashine hazifunguki.

MamaAsali (Sikonge)

Mwanangu hamjaizungumzia Natron vizuri. Mimi nilikwenda na vijana wangu kupeleka asali Arusha tukapitiliza. Mnaingilia Mto wa Mbu, njia ya vumbi mpaka Engaresero, mlima Lengai umesimama juu yenu mchana kutwa, flamingo ziwani, na joto la kule naomba usilifananishe na la Tabora. Ule mchanga unaohama nao ni kitu, jivu jeusi la volkano limejikusanya kama mwezi mchanga, upepo unalisukuma, wameweka vigingi kuonyesha lilikuwa wapi mwaka gani, linasogea kama mita 17 kwa mwaka. Ukilishika linanata, chembe zake zina chuma ndani. Ila ni kilima kimoja. Dakika arobaini mmemaliza, na geti la Ngorongoro mmelipa. Kwa safari nzima ni kidogo, kwa kituo cha njiani inatosha sana.

DerevaWaMasafa (Nzega)

Mama kamaliza. Makuyuni unakata kushoto unaona hayo, unarudi unaendelea Arusha. Namba tatu iko ndani ya namba mbili.

MwanaIsevya (Tabora)

Asanteni sana wakuu, mama shikamoo. Tumekaa jana usiku na daftari. Namibia tukijumlisha tiketi tatu na kukodi gari, hela inaisha kabla hatujala, kwa hiyo imesogezwa, sijasema imefutwa maana nasomwa humu. Tunakwenda Chalbi, tunapita kwenye mchanga wa MamaAsali, siku 16. Wife kakubali kwa sharti moja, Loiyangalani tulale siku mbili na tuwe na chumba, hema hapana, kaambiwa upepo wa Turkana usiku unang'oa.

FundiGongoni nimeangalia hizo namba. Mbili za mwisho ni 15.

FundiGongoni (Tabora)

Zote nne?

MwanaIsevya (Tabora)

Na spea.

FundiGongoni (Tabora)

Lete gari kesho asubuhi kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote kuhusu ngamia.

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Gari ya pili mmepata? Mimi nina Surf na likizo mwezi wa nane, natoka Kigoma, treni nawaachia watu wazima, nakuja kwa barabara, tunakutana Tabora. Samaki, migebuka ya kukausha, naleta mimi.

DerevaWaMasafa (Nzega)

Migebuka mfungie kwenye ndoo yenye mfuniko bro. Na usiiweke gari ya shemeji.