Naomba ushauri: akaunti ya uwekezaji ya mtoto isiyokatwa kodi

Wakuu, habari zenu. Tunaishi Uingereza, binti yetu ana miaka 2, na tunataka kumfungulia Junior ISA, akaunti ya mtoto ambayo faida yake haikatwi kodi. Kikomo ni pauni 9,000 kwa mwaka wa kodi. Sisi tutaweka kama pauni 50 kwa mwezi, na bibi yake ataongezea akijaliwa.

Tumekwama kwenye aina. Kuna ya fedha taslimu inayolipa riba, na kuna ya hisa. Mimi naegemea hisa, kwenye mfuko wa uwekezaji unaonunua hisa za kampuni za dunia nzima kwa ada ndogo, maana miaka 16 ni mingi. Soko likianguka lina muda wa kuinuka. Mwenzangu anauliza, je, likianguka mtoto akiwa na miaka 17? Hoja yake siipuuzi.

Linaloninyima usingizi hasa ni hili: pesa haitoki mpaka afikishe miaka 18, na siku hiyo ni mali yake kisheria. Akinunua gari badala ya kulipia chuo, hatuna kauli. Nawaza kuiweka kwenye ISA yangu mwenyewe, ambayo nayo haina kodi, nimpe nikiona amekomaa. Ila humo dharura yoyote ya nyumbani inaweza kuimeza.

Mliowafungulia watoto wenu, mlichagua ipi na kwa nini? Na kwa kiasi kidogo kama hiki, ada ya asilimia ni nafuu kuliko ada moja isiyobadilika ya kila mwezi?