Naomba ushauri: akaunti imegoma kufutika kwenye PostgreSQL

Wakuu, kuna mwenzetu kaacha kazi, nikaambiwa nifute akaunti yake kwenye PostgreSQL, programu yetu ya hifadhidata. Nilidhani ni DROP ROLE, amri ya kufuta akaunti, na kwisha habari. Wapi! Inagoma, inadai kuna vitu vinaitegemea.

Nikaendesha REASSIGN OWNED kuhamishia majedwali yake kwa akaunti nyingine, halafu DROP OWNED kuondoa ruhusa zilizobaki. Mpangilio huo niliufuata kwa woga kabisa, maana ukitanguliza DROP OWNED majedwali yenyewe yanakwenda na maji. Bado inagoma. Nimekuja kugundua amri hizo mbili hazifikii vitu vilivyo ndani ya hifadhidata nyingine, ila ile uliyoingia tu, na seva yetu ina hifadhidata 14. Kuna anayezipitia zote kwa skripti?

La pili, kuna kundi la zamani la watumiaji kwenye PostgreSQL, nalo linatakiwa kuondoka. Najua tangu toleo la 8.1 kundi na mtumiaji ni kitu kimoja, na ukilifuta wanachama wake wanabaki. Hofu yangu ni ruhusa walizokuwa wakizipata kupitia humo. Nitajuaje nani atabaki mikono mitupu kabla sijabonyeza?