Naomba ushauri: makala yangu kuhusu shirika la haki za binadamu imeambiwa inaegemea upande

Mwandishi Mgeni
Wakuu, habari za jioni. Nimeandika makala ya kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu LHRC, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Siku mbili hazijapita, ikabandikwa kigezo, yaani kibandiko cha onyo juu ya ukurasa: inaegemea upande, irekebishwe au ifutwe. Imeniuma. Sijalipwa na mtu. Mama yangu alipona kudhulumiwa mirathi kwa sababu ya wasaidizi wa kisheria wa shirika jingine dogo, na tangu hapo kazi hii naiheshimu sana. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "LHRC ni mtetezi shupavu wa wanyonge anayepigania haki bila woga." Nikiondoa hayo, si itabaki mifupa mitupu?

Mzee wa Nyaraka
Pole sana kijana. Tuanze na "shupavu". Nani kasema? Kama ni wewe, futa. Andika: "LHRC ni shirika lisilo la kiserikali nchini Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, lenye makao makuu Dar es Salaam." Kisha nyama itoke kwenye matendo.

Chukua kesi ya mgombea binafsi, yaani anayegombea bila chama. Mwaka 2011 LHRC na Chama cha Wanasheria Tanganyika walifungua shauri Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mchungaji Christopher Mtikila naye akafungua lake, yakaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikaamua kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa kunakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wengi wakifika hapo huweka nukta wakashangilia. Wewe endelea. Eleza serikali ilijiteteaje: kwamba sharti hilo lilihitajika kulinda umoja na usalama wa nchi. Eleza kwamba mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilishasema suala hilo ni la Bunge. Kisha sema kilichofuata: uchaguzi mkuu wa 2015 na wa 2020 ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja. Na Novemba 2019 Tanzania ikatoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Hapo hujamsifu mtu, hujamlaumu mtu, na msomaji ameona uzito wa kazi yao.

Binti Kisauni
Naongezea kutoka Mombasa: usichanganye shirika na tume ya dola. Kwetu, Kenya Human Rights Commission ni shirika la kiraia la tangu 1992, ilhali Kenya National Commission on Human Rights ni chombo cha kikatiba. Nimeshakuta makala inayompa mmoja kazi ya mwenzake! Kwenu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imo kwenye Katiba, ibara ya 129. LHRC haimo.

Kalamu Nyeusi
Tanbihi zako ngapi zinatoka kwenye tovuti yao wenyewe?

Mwandishi Mgeni
Kumi na moja kati ya kumi na tatu.

Kalamu Nyeusi
Basi kigezo kimebandikwa kwa haki, ndugu yangu. Tovuti yao itumie kwa mwaka wa kuanzishwa na anwani. Mafanikio yatafutie gazeti, kitabu au jarida la sheria.

Mzee wa Nyaraka
Na lawama usizirundike chini kabisa kwenye sehemu ya "Ukosoaji". Kila lawama ikae pale tukio lilipo, na itajwe aliyeitoa. Ila usigawe nusu kwa nusu kwa kuogopa kigezo: mahakama ikishaamua, usiandike "inadaiwa iliamua".

Mwandishi Mgeni
Asanteni sana wazee wangu. "Shupavu" na "bila woga" nimeviondoa, ile kesi nimeiandika pande zote mbili. Kesho asubuhi naingia maktaba kusaka magazeti ya Juni 2013. Kisha nitaeleza mabadiliko kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kuomba kigezo kiondolewe.