Niko Delhi na bi mkubwa, nataka kumpeleka Taj Mahal kwa siku moja na gari la kukodi, nijipange vipi?

BintiMajohe
Habari za humu wakuu. Niko Delhi wiki ya tatu sasa nimemsindikiza bi mkubwa kwa matibabu ya moyo, alhamdulillah wamemzibua mshipa na sasa hivi anatembea mwenyewe hadi dukani, ila akipanda ngazi nyingi anachoka. Daktari kasema tukae siku kumi zaidi kabla ya kliniki ya mwisho ndo turudi nyumbani, na safari ya gari karuhusu bora asikimbizwe.

Sasa mama kakazania Taj Mahal. Anasema hawezi kurudi Majohe watu wamuulize India umeona nini aseme nimeona wodi, na hiyo Taj yenyewe anaijua toka enzi ile ya kalenda za maduka ya Wahindi pale Mnazi Mmoja. Kuna dereva huwa anatupeleka hospitali, kasema atatupeleka kwa rupia 7,000, gari letu peke yetu, ijumaa hii tunatoka saa 2 asubuhi, anatuzungusha Taj, ngome ya Agra, Fatehpur Sikri na "soko la serikali" halafu jioni tunarudi. Ana na gaidi wake hukohuko Agra wa kututembeza.

Naomba kuuliza kwa mliowahi kwenda, hiyo bei ni ya haki? Huyo gaidi ana umuhimu au nisome tu kwenye simu? Na kwa mtu mzima wa miaka 66 mizunguko yote hiyo ataiweza kweli kwa siku moja? Treni nimesikia ipo pia.

MzigoWaKkoo
IJUMAA TAJ MAHAL IMEFUNGWA. Kila ijumaa ya mwaka. Wanafungua kwa ajili ya swala tu ya watu wa pale mchana, mtalii haingii. Dereva wako au hajui au anajua sana.

Na pili andika mwongozaji dada yangu, ukiendelea kuandika "ana gaidi wake Agra" watatufungia uzi huu 😂

BintiMajohe
Hahaha nisameheni, mwongozaji. Nimempigia dereva sasa hivi namuuliza mbona ijumaa wanafunga, kacheka akasema hakuna shida mama ataiona kwa nje 🙄

Babu_Safari
Binti pole na kuuguza, na mpe mama salamu. Mimi nimeenda mara mbili, mara ya kwanza kwa makosa yote unayotaka kuyafanya wewe na mara ya pili na mke wangu kwa akili, ngoja nikueleze ya mara ya pili.

Kutoka Delhi hadi Agra ni kama kilomita 230, barabara ni ile ya kulipia ya Yamuna iliyofunguliwa 2012, imenyooka kama rula, gari linateleza, ila usidanganyike ni masaa matatu na nusu hadi manne ukihesabu kutoka mjini na kusimama chai. Ukitoka saa 2 asubuhi kama anavyosema dereva wako unafika Agra saa 6 mchana, jua la utosi, foleni ya getini hadi barabarani na marumaru inakumulika machoni usione kitu. Sisi tulitoka saa 9 usiku. Ndiyo saa 9 usiku, mke wangu alinuna njia nzima kalala kiti cha nyuma na mto wa gesti, tukafika geti la mashariki kunapambazuka maana wanafungua jua likichomoza. Pale ndani kulikuwa na watu unaweza kuwahesabu. Saa 3 kasoro tunatoka ndo mabasi yanamwaga watu. Faida ya gari la peke yenu ni hiyo, saa ya kuondoka unaipanga wewe, kama utaondoka saa anayotaka dereva bora upande basi na wenzio.

Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100 na 200 juu yake kama mnataka kuingia kwenye kaburi lenyewe, Mhindi analipa 50, usianze kubishana hapo dirishani utapoteza muda, hata Serengeti tunafanya hivyohivyo. Ikishaskaniwa una masaa matatu. Nunua kwa mtandao usiku kabla, mje na pasipoti. Usibebe begi kubwa, chakula, tumbaku, wala miguu ya kamera, wanapekua kama eapoti na wanaume na wanawake foleni tofauti. Dawa za mama weka kwenye kipochi kidogo na karatasi ya daktari.

Magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea, mnashukia kwenye maegesho halafu mnapanda vigari vya betri hadi getini, hapo ndipo vijana watakuzonga, wanaitwa lapka hukohuko Agra, kila mmoja ni mwongozaji, kila mmoja binamu yake ana duka. Usimjibu hata salamu. Mwongozaji wa kweli ana kitambulisho cha wizara ya utalii shingoni chenye picha, mwombe akuoneshe kabla hamjapatana. Sisi tulimlipa rupia 2,000 kwa Taj na ngome na kila senti aliitendea haki, alikuwa mzee mstaarabu, anajua pa kumkalisha mtu kivulini, anajua wapi pa kupiga picha bila vichwa vya watu. Kwa mwenye mgonjwa mimi nasema mchukue.

7,000 kwa gari kutoka Delhi si mbaya lakini muulize kwa maandishi, ushuru wa barabara humo? maegesho? kodi ya kuvuka jimbo maana Agra ni Uttar Pradesh? Asipojibu ujue utalipa wewe.

Fatehpur Sikri iache. Ni kilomita 37 kupita Agra, mawe matupu hakuna kivuli, na ngazi za kwenda lango kubwa la Buland Darwaza nilizipanda mimi nikiwa mzima nikakaa chini.

KijanaWaKizingo
Wallahi hapo kwa Fatehpur Sikri babu amesema kweli ingawa ni pahali pazuri, mji mzima mfalme Akbar aliujenga kuanzia 1571 na kufika 1585 hivi ashahama. Lakini mama msimchoshe.

Mimi nataka niongeze kitu kimoja kwa ajili ya mama kwa sababu nahisi atakipenda kuliko hiyo marumaru. Mkifika lile lango kubwa jekundu kabla hamjaiona Taj yenyewe, mwambieni asimame atazame maandishi meusi yaliyozunguka upinde. Ni Suratul Fajr, na mwisho wake ndio ile ewe nafsi iliyotua, rejea kwa Mola wako, ingia peponi kwangu. Halafu unapita mlango na bustani ndiyo hiyo mbele yako. Yaani aliyepanga alijua anafanya nini. Na kwenye jengo lenyewe matao manne yamezungushiwa Yasin. Aliyeandika aliitwa Amanat Khan, na herufi za juu amezifanya kubwa kuliko za chini ili wewe ukisimama chini uzione zote sawa. Mama yangu mzazi alisoma Yasin kwa kufuatisha ukutani na macho huku akizunguka jengo, mwongozaji akanyamaza akawa anatufuata nyuma tu.

Kisa chenyewe mnakijua, Taj ni kaburi mfalme Shah Jahan alilomjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, si Agra bali Burhanpur kule kusini mume wake alikokuwa vitani, mwaka wa pili kazi ikaanza. Huko kusini, Dekani, ndiko Malik Ambar alikowasumbua hawa Mughal, ukoo wa wafalme hawa, miaka na miaka, Mhabeshi aliyeuzwa mtumwa akaishia kuwa waziri na jemadari, alikufa 1626. Mfalme Jahangir, babake Shah Jahan, alichukia mpaka akachorwa picha anakipiga mshale kichwa cha Malik Ambar, kwa sababu kwenye vita vya kweli hakuwahi kukipata 😄 Hili waongozaji wa Agra hawalisemi, mwulizeni.

msomi_wa_noida
Mimi nitakuwa mpinzani. Nimesoma huku miaka minne na wageni wote wa nyumbani wananiomba Agra. Masaa manane barabarani kwa mtu aliyetoka kufunguliwa mshipa wa moyo kwa ajili ya jengo moja? Nendeni kaburi la mfalme Humayun hapohapo Delhi, dakika ishirini kutoka hospitali nyingi za upande wa kusini. Lilijengwa miaka ya 1560 mpaka 1572 hivi, yaani Taj limeiga huku, bustani imekatwa vipande vinne na jengo katikati, na hapo mke ndiye aliyemjengea mume. Waliolikarabati ni taasisi ya Aga Khan, hawahawa tunaowajua sisi. Hakuna lapka, hakuna soko la serikali, mnarudi chai ya saa 10 nyumbani. Jumatatu msiende ngome ya Red Fort tu, wanafunga.

Kama lazima Agra basi treni ya Gatimaan kutoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin saa 2 na dakika 10 asubuhi, saa 4 kasoro dakika 10 uko stesheni ya Agra Cantt, choo kipo, chakula kipo, na yenyewe ijumaa haitembei, ungejua mapema tu kuna kitu.

Babu_Safari
Msomi hoja yako nimeielewa lakini mwenye hamu ni mama, hamu ya Taj huitulizi kwa Humayun. Treni nzuri ila inakufikisha saa 4 kwenye msongamano uleule, na stesheni unatembea, gari mgonjwa analala.

fundi_terazo
Mimi ni fundi wa terazo na marumaru Tandika huko sijawahi fika lakini mzigo wa India nimeshika sana. Hilo soko la serikali sio la serikali, ni duka, dereva anakula asilimia yake hapo ndo maana gari linakuwa bei chee. Mwambie kabla hujapanda gari, DUKA HAKUNA, ukitaka nitakuongezea hela kidogo lakini duka hakuna, na rudia mkifika Agra maana atasahau.

Kama mama atataka kisahani cha kumbukumbu chenye maua ya mawe, ile kazi inaitwa parchin kari, wanachimba marumaru wanapandikiza vijiwe vya rangi, usikubali kila cheupe ni marumaru. Kwaruza kwa sarafu upande wa chini, kikitoa unga ni jiwe la sabuni. Washa tochi ya simu nyuma yake, marumaru ya Makrana ndo ile waliyojengea Taj inapitisha mwanga. Ukifanya hivyo muuzaji anashusha bei mwenyewe.

BintiMajohe
Wakuu nimesoma yote na mama nimemsomea, ya Yasin kanyamaza kidogo halafu kasema tunaenda. Tumeahirisha hadi jumanne na dereva tumebadilisha. Ntaleta mrejesho.

BintiMajohe
Mrejesho kama nilivyoahidi, samahani ni mrefu niko kitandani miguu imevimba mimi sio mama.

Tulitoka saa 9 na nusu usiku. Huyu dereva mpya ni wa mwenye gesti, 6,500 na ushuru humohumo, nikamwambia duka hakuna mara tatu, ya tatu akasema dada nimesikia. Kulikuwa na ukungu barabarani kwa hiyo alienda polepole, tumefika saa 1 na nusu asubuhi. Ukungu huohuo bwana ulitaka kunitoa roho, tumepita lango, mama kashasoma Fajr yake mpaka mwisho anatazama mbele, hakuna kitu. Nyeupe tupu. Nikaona hela yangu na usingizi wangu vimeenda. Mwongozaji, mama wa makamo ana kitambulisho kama mlivyosema, akasema tukae kwenye benchi tusubiri, na kweli kama robo saa hivi ikaanza kutokea juu, kuba kwanza, halafu minara, miguu yake haionekani kabisa. Mama kanishika mkono akasema hiki kitu kinaelea.

Ngazi za kupanda pale juu kapumzika mara mbili. Ndani ni giza na sauti zinazunguka, mfano wa kaburi la Mumtaz uko katikati kabisa na wa mumewe umebanwa pembeni kama kachelewa kufika, mwongozaji akasema kila kitu eneo lote kina pacha wake kasoro hilo la mume, maana haikupangwa azikwe hapo. Makaburi yenyewe yako chini hawaruhusu.

Saa 4 tukaenda ngome, hapo nilitaka tuache lakini mama kagoma. Pale mnara wa Musamman Burj ndipo Shah Jahan alifungiwa na mwanae Aurangzeb toka 1658 mpaka amekufa 1666, anaitazama Taj kwa mbali ng'ambo ya kona ya mto. Mama kakaa kwenye jiwe akauliza watoto 14 waliobaki hai wangapi, mwongozaji akamwambia saba. Kanyamaza. Halafu kasema "wanasema mume alimpenda, mimi nasema yule mwanamke alichoka," akaomba maji ameze dawa ya saa 6.

Kaburi la Itimad-ud-Daulah tumelipitia mara moja tu wakati wa kutoka, dogo, Nur Jahan mke wa Jahangir alimjengea baba yake, na huyo baba ndo babu yake Mumtaz. Kama mna muda nusu saa nendeni, mimi nililipenda kuliko Taj lakini msimwambie mama.

Petha tumenunua kilo mbili, yale maboga ya sukari. Dereva duka hakutupeleka, ila kaomba tusimame kwa shemeji yake kunywa chai na hapo kwa shemeji kukawa na mashali. Mama kanunua mawili.

fundi_terazo
😂😂😂 nilisahau kuandika na mashali